Kungojeshwa kwa Nyapara Tuite

Mama yake Malachy Tuite alikufa Jumapili alfajiri, na kabla kengele ya misa ya kwanza haijanyamaza mtaa mzima wa Fenner ulishajua. Hakuna aliyejipiga kifua. Bi Stasia mwenyewe hakuwa na ubaya na mtu; alizaliwa mtaa huu huu, akauza samaki kwa kitoroli mpaka miguu ikamvimba, na hata mwanawe alipopata mali hakuacha kutusalimu. Mbaya wetu alikuwa huyo mwana.

Malachy alikuwa nyapara wa makaa ya mawe bandarini Dublin. Meli ikifunga gati, yeye ndiye anayesimama juu ya jiwe asubuhi na kuita majina ya watakaoshika koleo siku hiyo. Usipoitwa, rudi kwako ukanywe maji ya mfereji. Baa ya kona nayo ilikuwa yake. Mshahara aliulipia humo humo baani, Jumamosi, bila haraka, bia nyeusi zikipita mezani, na mwanamume asiyekunywa alishangaa Jumatatu jina lake limesahaulika. Sisi wake zao tulisimama nje ya mlango ule, mvua yetu, watoto wetu kiunoni, tukingoja mume atoke na kilichobaki. Mimi nimesimama hapo. Delia Cullinane amesimama hapo mimba ikiwa inagonga mlango.

Halafu kikaja Chama. Kilikuwa chama cha watu wa kila kazi: wapakuzi, wapagazi, waendesha mikokoteni, wasichana wa viwandani, watu ambao vyama vya mafundi viliona aibu kukaa nao benchi moja. Jambo la kwanza lililopatikana gatini ni kwamba mshahara ulipwe langoni, mchana kweupe, mkononi mwa mtu. Tuliuonja utamu huo kidogo tu. Matajiri wakashikamana wakafunga milango: ama utie saini kwamba umekikana Chama, ama ukae kwako. Wanaume wakakaa. Tulikunywa supu ya Jumba la Chama, tukala mikate iliyoletwa kwa meli na wafanyakazi wenzetu wa ng'ambo, mpaka michango ikakauka. Sasa ilikuwa Februari, na walikuwa wanarudi mmoja mmoja, vichwa chini, wanatia saini. Tuite alikuwa amekwisha kuyarudisha malipo baani.

Asubuhi hiyo ya Jumapili Lar Cullinane alikuwa ameketi kitandani, chumba cha juu kabisa, upande wa nyuma. Kiganjani alikuwa na beji ya Chama, ile yenye mkono mwekundu. Koti lililokuwa likiibeba lilikuwa duka la rehani tangu Krismasi.

"Kesho naenda kutia saini," alisema.

Delia alikuwa anamenya viazi. "Sema tena."

"Umenisikia."

"Mimi nimesikia. Nataka usikie mwenyewe."

"Usinianze, mke wangu. Corny Rourke, katibu wa tawi, ameniambia kwa kinywa chake: mwenye mtoto aende, Chama hakitamlaumu. Kit atakula nini? Atakula mkono mwekundu?"

Neno hilo Lar alilijutia kabla halijafika chini. Mwezi uliopita binti yao mkubwa, Essie, alikuwa amelala kitanda hicho hicho kifua kikimlia, na chumba kilikuwa kimepoa kama kaburi. Delia alichukua ndoo akaenda mpaka mlango wa baa kuomba makaa, ndoo moja tu, kwa sharti lolote. Tuite aliegemea kizingiti, wanywaji nyuma yake, akamtazama juu mpaka chini. "Mumeo si ana mkono mwekundu?" akasema. "Uoteni huo." Wakacheka, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuogopa. Delia akarudi na ndoo tupu, mtaa mzima ukimchungulia. Wanaume wa nyumba yetu waling'oa mbao za kushikilia ngazini, ghorofa baada ya ghorofa, wakamletea awashe. Mbao za zamani zile ziliwaka kama karatasi na kuisha kama karatasi. Essie akafa.

Ndoo ile Delia hakuitumia tena. Aliitundika ukutani kwenye msumari, na maji akawa anachotea sufuria.

"Samahani," Lar alisema.

"Samahani peleka kwa aliyeko chini ya udongo," Delia akajibu, na hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Alikuwa kijakazi wa Tuite, amekimbia, pua nyekundu kwa baridi. "Bi Delia, bwana anasema uje umwoshe mama yake. Anasema kuna shilingi mbili na nusu."

Usishangae. Kila mtaa kama wetu ulikuwa na mwanamke wake mmoja: ndiye anayekupokea unapozaliwa, na ndiye anayekuosha unapokufa. Kwetu alikuwa Delia, na kabla yake mama yake. Mwenye jeneza analeta jeneza tu, padri analeta maji ya baraka. Maiti ambaye hajaoshwa hakeshewi. Hakuna jirani atakayevuka kizingiti, hakuna atakayewasha kiko wala kushika rozari, mpaka mwosha atoke aseme, "Karibuni, yuko tayari." Na nyumba ya msiba isiyoingia mtu, hiyo ni aibu ambayo wajukuu wataisikia shuleni.

"Kamwambie bwana wako mimi si wa kutumiwa mtoto," Delia alisema. "Na hela yake airudishe mfukoni, isije ikashikwa na baridi."

Kijakazi aliposhuka, Lar alisimama. "Delia. Bi Stasia alikuja kumkesha Essie. Hakuna mwingine wa nyumba ile aliyekuja."

"Najua alikuja. Alikuja na pakiti ya chai chini ya shali ili mwanawe asiione. Nitamwosha Bi Stasia. Nimesema siendi?"

"Sasa?"

"Nimesema sitatumwa."

*

Tuite alifika mwenyewe saa sita mchana. Tulimsikia kabla hatujamwona, maana ngazi zetu hazikuwa zimezoea viatu vya soli nzima. Lizzie Deegan wa ghorofa ya pili alikuwa amekaa hapo ngazini anachambua kabeji, kazi ambayo angeweza kuifanya ndani, na hakusogea.

"Nipishe," Tuite alisema.

"Pita, bwana Tuite. Ila shika ukuta, hapana cha kushikilia. Pole na msiba. Mama alikuwa mtu. Sijui alikosea wapi."

Delia alimfungulia, lakini hakumkaribisha. Tuite alibaki pale pale, kofia kichwani, pumzi juu. Alikuwa mtu mnene, mwekundu wa shingo, na macho yake siku hiyo yalikuwa yamevimba. Alimpenda mama yake, hilo sitamnyang'anya.

"Bi Delia, tuyaache mengine. Mama aliniapisha. Alisema mikono yako tu, asiguswe na mgeni."

"Nami aliniambia hivyo hivyo."

"Basi twende. Nitakupa nusu pauni."

"Sijawahi kuuza maiti."

"Unataka nini, basi?" Akamtazama Lar aliyekuwa nyuma ya mkewe, akashusha sauti, kama anayemnong'oneza mwenzake sokoni. "Meli ya makaa imefunga gati jana. Kesho asubuhi jina la kwanza nitakaloita ni Lar Cullinane. Bila karatasi. Bila saini. Yeye na mimi tu tutajua."

Lar alikuwa amepauka. Hicho ndicho alichokuwa akikiombea usiku na mchana, na sasa kimeletwa mpaka mlangoni, kimevaa kofia.

"Wote," Delia alisema.

"Wote nani?"

"Wanaume wote wa gati lako waliokataa kutia saini. Na waliotia saini, uwachanie karatasi zao. Na mshahara urudi langoni. Ukisema hivyo mbele ya watu, nachukua beseni langu twende."

Tuite alicheka, kicheko cha puani. "Una kichaa wewe. Wenye meli watanitupa nje."

"Hilo lako na wenye meli."

"Nitamwita padri."

"Mwite. Aje na sabuni."

"Mwanamke, yule ni maiti. Unamfanyia biashara maiti?"

"Mimi?" Delia alisogea hatua moja, na Tuite akajikuta amerudi nyuma, kisigino ukingoni mwa ngazi, mkono ukipapasa hewani pasipo na ubao. "Mimi ndiye niliyemwambia mtu aote beji? Mtaani kuna wanawake wengi, Malachy. Katafute."

Akafunga mlango.

Lar alisubiri viatu vishuke, halafu akapiga ngumi ukutani. Ndoo ikatikisika kwenye msumari wake. "Ameniita wa kwanza! Bila saini! Umemfungia mlango mkate wa mwanao, Delia."

"Nimeufungia mkate wako peke yako."

"Na wao wamekufanyia nini, hao wote? Nusu yao wamekwisha kutia saini."

"Waling'oa ngazi," Delia alisema. "Nyumba nzima tunapanda kwa kushika ukuta kwa ajili ya mwanangu. Ukiitwa wewe peke yako kesho, utapita mbele ya nani hapo ngazini ukiwa na koleo lako begani? Utamwambia nini mume wa Lizzie? Kwamba mkeo ana mikono mizuri?"

Lar akatumia jibu ambalo wanaume hutumia. "Akikataa je? Akizikwa hivyo hivyo bila kuoshwa?"

Delia alikaa kitako. Na hapa nitasema ninalolijua, kwa sababu aliniambia mwenyewe miaka baadaye. Alimwona Bi Stasia na shali lake, na ile chai. Alijiona ametia mchanga katika sanda ya mtu aliyemfaa. Lakini kila alipotaka kuinuka achukue beseni, alisikia kile kicheko cha mlangoni, akakaa tena. "Asipokubali nitaenda kabla giza halijaingia," alisema taratibu. "Lakini yeye hajui hilo. Na wewe ukimwambia, Lar, sitakusamehe mpaka uje uoshwe."

*

Alasiri Lizzie Deegan ndiye aliyekuwa gazeti letu. Alipanda na kushuka, uso unang'aa.

"Amekwenda kwa mwosha wa mtaa wa nyuma. Bibi kamwambia ana baridi yabisi kwenye vidole. Vidole vile vile nilivyoviona leo asubuhi vinasuka sweta."

Akashuka. Akapanda.

"Amekwenda kwa yule wa karibu na daraja. Huyo hata kudanganya hakudanganya. Kamuuliza Tuite, askari walipomvunja mwanawe mbavu kule kwenye mkutano wa Chama, walikuwa wanalinda mali ya nani. Tena shoga, mwenye farasi wa jeneza katuma ujumbe: dereva wake ni mtu wa Chama, na farasi ameanza kuchechemea."

"Farasi naye ni mwanachama?" Lar aliuliza, na hiyo ikawa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi ya Essie.

"Farasi alilipa ada kabla yako," Lizzie akamjibu.

Kule baani, ndipo alipokaa Tuite na mama yake, viti vilipangwa. Viko vya udongo vilijazwa tumbaku, paja la nguruwe lilikatwakatwa, pipa lilitobolewa. Saa ya ukutani ilisimamishwa na kioo kikafunikwa, kama inavyopasa. Hakuingia mtu. Vibarua wa kigeni walioletwa kushika kazi za wanaume wetu, waliokuwa wakilala katika bohari ya Tuite, walitaka kuingia wale nyama, akawafukuza mwenyewe. Hata yeye alijua kwamba kukeshewa na watu wale ni vibaya kuliko kutokeshewa. Watu hao walikuwa wamemtia hasara siku zote. Walishika koleo kama wanaochota uji, na meli moja waliipakua kwa muda ambao wanaume wetu wangepakua mbili. Ya jana ilikuwa bado imejaa, mwenye meli amekasirika. Bi Stasia alikuwa amelala chumba cha nyuma, kidevu hakijafungwa, macho hayajafumbwa sawasawa, na mwanawe aliingia akamtazama, akatoka, akaingia tena, akatoka.

Jua likianza kuinama tukasikia vile viatu tena. Safari hii vilipanda polepole. Kofia ilikuwa mkononi.

Alipogonga, Delia alikuwa anapakua viazi.

"Nani?"

"Malachy."

"Ngoja."

Aligawa viazi. Akampulizia Kit vya kwake vipoe. Lar alianza kuinuka, Delia akamtazama, akaketi. Wakala. Walikula kama watu wanaokula, hawakukimbiza wala hawakuchelewesha makusudi, ila hakuna aliyesimama. Huko nje nyumba yote ilikuwa imetoka ngazini: kina Deegan, mimi na wanangu, wajane wa ghorofa ya chini, wanaume walioegemea kuta. Hakuna aliyemtukana. Tulimtazama tu akiwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa, akihamisha mguu huu na huu, kama tulivyokuwa tukihamisha sisi nje ya mlango wake kila Jumamosi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini; yule tulimngojea juu kabisa, na alipanda mwenyewe.

Mara moja alimgeukia Lizzie. "Wanachukua muda mrefu?"

"Inategemea wanakunywa au hawanywi," Lizzie alisema.

Mlango ukafunguka. Delia alikuwa anafuta mikono kwa aproni.

"Nimekubali," Tuite alisema.

"Umekubali nini? Wenzangu hawa hawakuwepo."

Tuite akawageukia watu wa ngazini. "Hakuna saini. Wa zamani wote warudi. Malipo langoni."

"Na vibarua wako?"

"Waende zao."

Delia alichukua beseni, akachukua kitambaa, akamwambia Lar, "Kamwite Corny Rourke na wenzake. Wavae beji." Halafu akamwambia Tuite, "Tangulia."

*

Delia alimpeleka Tuite moja kwa moja chumba cha nyuma, akatuachia mlango wazi tuone. Corny Rourke, mtu mfupi wa maneno machache, alisimama kizingitini na wanaume wa gati nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu mapambano yaanze, mikono myekundu iliingia katika nyumba ya Tuite.

"Maneno ya ngazini hayafungi mtu," Delia alisema. "Weka mkono juu ya mama yako."

Tuite alimtazama kama aliyepigwa kofi. Kwetu, ukiapa mkono ukiwa juu ya paji la maiti, hakuna padri wala hakimu anayeweza kukufungua. Watu wamekubali kufungwa jela kuliko kuapa hivyo.

"Delia, hilo tena?"

"Weka mkono, Malachy. Bado ni mama yako."

Aliweka. Akasema yote, kila neno, la saini, la majina, la lango, na alipofika kwenye lango sauti ikakatika, akalia kama mtoto. Corny Rourke alitazama ukuta. Mimi nilitazama, na nilifurahi. Niliifurahia kila chozi. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kungoja nje na mtoto kiunoni.

Delia akawatoa wote, akafunga mlango. Maji ya moto yalikuwa mengi nyumba ile, na jikoni makaa yaliwaka mpaka chuma kikawa chekundu. Alimwosha Bi Stasia uso, akamwosha shingo, akamwosha ile miguu iliyovimba kwa kitoroli, kidole kwa kidole, akamvika joho la kahawia alilojinunulia mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Akamsuka nywele. "Nisamehe, bibi," alimwambia. "Nimekungojesha mchana kutwa. Mwosha huoshwa, nami siku yangu utanidai. Lakini ulimzaa mwenyewe, ulimjua." Akambusu. Halafu akafungua mlango akasema, "Karibuni, yuko tayari."

Tukaingia. Tulimkesha vizuri, kwa rozari na kwa hadithi, maana ugomvi wetu haukuwa naye. Nyama ililiwa. Bia haikuguswa. Tuite alizunguka na jagi, na kila mwanamume alifunika glasi yake kwa kiganja.

Jumatatu asubuhi alisimama juu ya jiwe lake, utepe mweusi mkononi, akaita majina. Hakuna karatasi iliyotolewa. Koleo zilipiga makaa mpaka vumbi likafunika mto. Mwenye meli alikuja amefura, akaona kazi inavyokwenda, akarudi alikotoka. Siku hiyo meli tupu ilimfaa kuliko karatasi zilizojaa.

Jumanne tukazika. Farasi alikuwa amepona kuchechemea, lakini wanaume hawakumhitaji. Walimbeba Bi Stasia mabegani mpaka makaburini, na kila mbebaji alikuwa na beji. Lar, asiye na koti, aliibana kwenye sweta. Tuite alitembea nyuma ya jeneza la mama yake, na njia nzima kilichokuwa mbele ya macho yake ni ile mikono myekundu ikipanda na kushuka.

Kurudi, akafungua milango ya baa. Desturi ni kwamba mwenye msiba anawanywesha waliobeba. "Ingieni," alisema. "Leo ni ya mama."

Wanaume walisimama barabarani. Corny Rourke alivua kofia kwa heshima ya marehemu, akaivaa tena. "Tunashukuru, bwana Tuite. Chetu tutakipokea langoni, Jumamosi." Wakaondoka.

Tuite alibaki kizingitini peke yake. Ndipo alipomwona Delia akivuka barabara, ndoo mkononi.

"Jaza," Delia alisema.

Tuite aliitazama ile ndoo. Aliikumbuka. Akageuza kichwa amwite kijakazi.

"Hapana. Wewe."

Nilidhani angekataa, alikuwa amekwisha kulipa, watu walikuwa wametawanyika, hakuna tena maiti wa kumwekea rehani. Lakini alishuka uani na suti yake ya msiba, akajaza kwa mikono yake, makaa mazuri, mapande makubwa meusi yanayong'aa. Alipomnyooshea, Delia hakupokea. Alikuwa ameanza kwenda. Akamfuata.

Mtaa wote ulitoka milangoni, kama ulivyotoka siku ile. Walifika kwetu, wakaanza kupanda. Ndoo iliyojaa ni nzito, na Tuite hakuwa amebeba kitu miaka mingi. Ghorofa ya pili alitoka jasho. Ya tatu akayumba, akarusha mkono kutafuta pa kushika, akakosa, akajibana ukutani, makaa yakadondoka mawili matatu na kutugongea ngazi mpaka chini.

"Mtu ataanguka afe hapa," alisema akihema. "Mbao za kushikilia ziko wapi?"

"Tuliziota," Delia alisema.

Hakuuliza tena. Alipanda zilizobaki kwa kushika ukuta, kama sisi. Ndani aliiweka ndoo karibu na kitanda, akakiona kile kitanda, akaona na upande wa ndani palipobonyea kidogo, kiasi cha mtoto aliyelala. Alifungua mdomo. Delia alimwangalia mpaka akaufunga, akatoka, na tulimsikia akishuka, polepole, ngazi kwa ngazi.

Lar aliporudi alikuta ndoo imejaa. Alipiga magoti akawasha moto, moto mkubwa ambao chumba kile hakikuwahi kuuona, akamkalisha Kit mbele yake mpaka mashavu ya mtoto yakawa mekundu.

"Njoo, Delia," alisema. "Sogea uote."

"Mimi sisikii baridi," Delia alisema, kutoka kule kitandani, na alikuwa anatetemeka.